Yule Asiyetajwa wa Isangilwa

Isangilwa, Alhamisi, 22 Agosti 2024

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji. Mtemi Benjamini Shigela, kiongozi wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. Katekista, Mzee wa Kanisa la Moravian na Imamu wetu. Wazee wa kijiji, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana. Na wewe, Mama Veneranda, uliyeketi peke yako nje ya mistari ya viti kwa kuwa imepita miezi kumi na minne bila mtu kuruhusiwa kukusalimu: shikamoo, mama.

Msinung'unike bado. Yapo mengine mbele.

Nimeyaandika maneno yangu kwa sababu nataka yabaki kwenye jalada. Ninyi mnajua kilichotokea, lakini jalada halijui, kwa hiyo nalieleza. Mwezi Juni mwaka jana, Mwalimu Emilian Mabula, mstaafu aliyefundisha Kilatini seminarini kwa miaka thelathini, alisimama kwenye mkutano kama huu akasoma beti nane. Zilisema kwamba mizinga yetu ya asali imeangushwa pamoja na miti ya mininga ya msitu wa kijiji, na kwamba magogo yalipita mchana kweupe yakisindikizwa na walinzi wetu wenyewe. Baraza la sungusungu likamtenga. Yeye na nyumba yake wasisalimiwe, wasipewe moto, wasisagiwe unga, wasichimbiwe kaburi; na atakayewasiliana naye atengwe vilevile. Alikwenda kuishi Ulyankulu. Mama yake mzazi, Mama Kabula, alikataa kuhama, na Veneranda, mke wa Mwalimu, akabaki kumtunza.

Juzi Jumanne Mama Kabula amefariki. Mwili wake uko hospitali ya Kitete, mjini Tabora. Lakini leo hatukuitwa kwa ajili yake. Tumeitwa kwa sababu Mtemi ameikuta barua ya Mwalimu isiyo na jina la mpokeaji, akaniamuru mimi, katibu wa baraza lake, niisome mbele yenu ili mpokeaji huyo afichuliwe.

Nitaisoma. Ila haiko peke yake. Barua ziko sita, na nitazisoma kwa mpangilio wake.

*

Ulyankulu, 11 Februari 2024

Kwako wewe nisiyekutaja,

Darasani niliwahi kuwasimulia habari za mshairi wa Roma aliyeondolewa na mtawala wake kwa sababu ya shairi aliloliandika na jambo aliloliona. Alipelekwa kwenye ncha ya himaya, kwenye baridi, kwa watu wasioijua lugha yake. Kutoka huko aliwaandikia marafiki kwa miaka mingi akiwaomba wamkumbuke na wamsemee. Barua zake za mwanzo hazina majina yao. Wewe ulinyoosha mkono ukauliza, "Mwalimu, alikuwa amewasahau?" Nikakujibu kwamba aliwaficha ili wasidhurike. Leo nakuficha wewe.

Sikai pabaya. Mzee aliyenipokea aliletwa hapa kutoka Burundi mwaka 1972, akiwa mgongoni mwa mama yake. Aliniuliza kosa langu. Nikamwambia: beti nane. Alicheka mpaka akakaa chini. "Sisi walitufukuza kwa mapanga," akasema, "na wewe kwa mashairi! Karibu, mzee, ila hapa usitunge kitu." Watu waliowahi kufukuzwa kwao ndio walionipa kiti. Waliozaliwa nami wameninyima salamu.

Sikuombi unitetee. Nakuomba usimame mkutanoni uulize swali moja tu: ni nani walionyanyua mikono nitengwe? Mimi nilitolewa nje kabla ya kura. Nataka majina. Mtu aliyehukumiwa ana haki ya kuwajua mahakimu wake. Mama yangu ana miaka tisini na moja, na nisiporudi kabla hajaondoka, hakuna ubeti nitakaouandika utakaolifunika jambo hilo.

Zamda, fundi cherehani wa soko la Tabora mjini, amekubali barua zetu zipitie kwake, ndani ya nguo anazowashonea watu wa Isangilwa.

Mwalimu wako,
Emilian

*

Isangilwa, 9 Machi 2024

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako imenifikia ndani ya shati la mwanangu, na imenihuzunisha sana. Naomba usinipigie simu, kwa kuwa siku za zamu simu ya katibu hukaa mezani kwa Mtemi, naye huipokea kama yake.

Kuhusu swali lako, nimeuangalia muhtasari wa mkutano ule. Unaonyesha kuwa wajumbe wote waliafiki. Wote, Mwalimu. Ningeliuliza swali hilo leo, ningekuwa nakiuliza kijiji kizima, na unajua jinsi kijiji kizima kinavyojibu. Wakati haujaiva. Tumbaku iko kwenye mabani ya kukaushia, watu wamechoka na wana hasira. Baada ya masoko, mioyo ikitulia, nitaona namna ya kulidokeza jambo hili kwa upole. Nina watoto wanne. Nina nafasi ambayo, nikiitunza vizuri, inaweza kukufaa siku moja.

Mama hajambo. Nimemwona kwa mbali akianika mtama.

Mimi, unayenijua

*

Ulyankulu, 2 Aprili 2024

Kwako wewe nisiyekutaja,

Umemwona mama yangu kwa mbali! Ni mwanamke aliyekukorogea uji miaka minne, kila ulipotoka seminarini wakati wa likizo na kwenu kukawa mbali. Umemwona kwa mbali, ukaniandikia kana kwamba umenitumia zawadi.

"Muhtasari unaonyesha." Na wewe unaonyesha nini? Nilikuuliza majina, ukanijibu "wote". "Wote" si jina. Sijawahi kukutana na mtu anayeitwa Wote. Naijua Isangilwa mtu kwa mtu: nimewaandikia barua za posa, nimewasomea majibu ya mahakama, nimewafundisha watoto wao. Nikiambiwa Shigela alinyanyua mkono, naamini. Nikiambiwa watu mia mbili walinyanyua, nataka kujua ni nani aliyewahesabu.

Unasema nafasi yako unaitunza ili inifae siku moja. Siku hiyo ni ipi? Mama yangu anabeba kopo la maji peke yake kwa kuwa wanawake huondoka kisimani anapofika. Veneranda anatembea hadi Ntalikwa kusaga debe moja la mahindi, wakati mashine iko hatua mia tatu kutoka mlangoni pake. Kama siku hizi hazijaifikia siku yako, basi siku yako haipo.

Ndani ya bahasha hii kuna daftari. Nililitunza miaka ishirini na sita kwa sababu ni zuri kuliko yote niliyowahi kusahihisha. Kidato cha tatu, 1998. Swali lilikuwa hili: "Je, mshairi aliyefukuzwa alikuwa na haki ya kuwalaumu marafiki walionyamaza?" Soma mwenyewe ulichokiandika ukurasa wa mwisho, ukiwa na miaka kumi na saba:

"Rafiki anayesubiri mvua ikatike ndipo amwendee mwenzake aliyenyeshewa hakwenda kumsaidia. Amekwenda kutazama matope."

Nilikupa kumi na tisa kati ya ishirini. Ulikuja ofisini umekasirika kuuliza kosa liko wapi. Maandishi yangu mekundu bado yapo chini ya ukurasa: "Hakuna kosa. Alama moja nimeibakiza mpaka ujaribiwe."

Emilian

*

Isangilwa, 20 Mei 2024

Mwalimu, shikamoo.

Daftari nimelipokea. Nimelificha chini ya mbegu.

Umenihukumu kwa maneno ya mtoto aliyekuwa hajaoa, hajalima na hajawahi kumwogopa mtu yeyote ila wewe. Mambo si mepesi hivyo. Mtemi ameanza kuuliza ni nani anayekupasha habari za kijiji. Naomba tupumzike kuandikiana kwa muda.

Mama hajambo. Usiwe na wasiwasi.

Mimi, unayenijua

*

Ulyankulu, 12 Agosti 2024

Kwako wewe nisiyekutaja,

Miezi miwili na zaidi umepumzika. Mimi nilipumzika nikiamini kwamba mama yangu hajambo.

Jana nimeambiwa na Zamda, mgeni asiyenidai undugu wowote, kwamba mama yangu alianguka uani kwake mwezi Aprili. Aprili! Kabla hujaniandikia barua yako ya mwisho. Kwamba tangu siku ile hajasimama. Kwamba wiki iliyopita Veneranda alitafuta bodaboda ya kumpeleka Kitete, na vijana wa Isangilwa, vijana niliowafundisha kusoma saa, walizima pikipiki zao wakaangalia pembeni, mpaka dereva wa kijiji kingine alipopita akawachukua. Nawe ulijua. Ulikuwa unaketi kwenye meza ileile ambako habari zote za kijiji hufika, ukachukua kalamu, ukaandika: mama hajambo.

Woga ningeusamehe. Mimi mwenyewe ninaogopa. Sijawahi kujidai shujaa. Lakini umeninyang'anya miezi minne ya kumtazama mama yangu, ukaiita huruma.

Nimekwenda kumwona Kitete. Alinitambua. Aliniuliza, "Wamekuruhusu?" Nikamwambia ndiyo. Ni uongo wa kwanza niliowahi kumwambia tangu nikue, na ninyi ndio mlionifanya niuseme.

Nilikuomba majina, sikuombi tena. Nilikuomba swali moja; liache. Sasa naomba jambo ambalo hata adui humpa adui. Akifariki, achimbiwe kaburi kando ya mumewe, na mimi niwepo. Basi. Kama ndani yako amebaki yule mtoto wa kumi na saba, mwambie namwita.

Emilian

*

Tabora mjini, 15 Agosti 2024

Wewe Dionis, Mnyamwezi wangu,

Nakuandikia bila salamu kwa sababu mimi ni mtani wako na salamu zako hazina chumvi. Babu yangu Mzaramo alifika hapa na msafara kutoka pwani, na babu yako, tuliambiwa, alibeba pembe ya ndovu begani kutoka hapa hadi Bagamoyo, miezi mitatu kwa miguu, akaimba njiani. Mjukuu wake anashindwa kubeba sentensi moja kutoka kiti chake mpaka meza ya Mwenyekiti! Ulimwengu umechoka kweli.

Nimewabebea barua hizi tangu Februari. Nimezitia kwenye mikono ya magauni, kwenye pindo za kanzu, nimemshonea mwanao shati la bure ili barua ipate pa kulala. Nilidhani nawasaidia wanaume wawili wanaopendana. Kumbe mmoja analia na mwingine anamtumia hali ya hewa.

Sasa sikiliza. Barua ya mwisho ya Mwalimu nimeisoma. Ndiyo, nimeisoma, nishtaki. Kisha nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa suti mpya ya Mtemi Shigela, nikaipiga pasi juu yake, nikaituma. Usinitafutie udhuru wa kuchanganya vifurushi. Miaka ishirini sijawahi kuchanganya vifurushi. Nimechoka kuwa sanduku la posta la woga wako.

Haina jina lako. Mwalimu bado anakuficha, yule mzee mjinga mwenye moyo mkubwa. Kwa hiyo una nafasi: unaweza kukaa kimya tena, ukaandika kwenye daftari lako kwamba mpokeaji hakupatikana, ukaenda kula.

Na kuhusu Mama Kabula, baraza lenu lisijisumbue. Mtani hatengwi, na mtani haombi ruhusa kwenye msiba wa mtani wake. Siku ikifika, mimi na kaka yangu Adinani na wanawe tutakuja na majembe tumchimbie bibi yetu, na tutawacheka kwa sauti mpaka mfunge madirisha.

Zamda, fundi

*

Ndugu zangu, hizo ndizo barua. Mtemi, naona umenyanyua mkono. Utapewa nafasi. Nimekunyamazia miezi kumi na minne. Nivumilie dakika tano.

Yule asiyetajwa ni mimi, Dionis Kafuku, katibu wa baraza. Sikufichuliwa na mtu. Barua zangu zilisomwa kutoka kwenye nakala nilizozitunza mwenyewe, kwa mwandiko mnaoujua, kwa sababu ndio mwandiko ulioandika hukumu ya Mwalimu.

Na sasa nawaambia jambo ambalo Mwalimu aliniuliza mara mbili nikalikwepa mara mbili. Tarehe 17 Juni mwaka jana, baada ya Mwalimu kutolewa nje, Mtemi alitangaza adhabu, kisha akauliza, "Kuna mwenye neno?" Hakuna aliyesema. Hakuuliza ni nani anayeafiki. Hakuna mkono ulionyanyuliwa, hata wa Mtemi mwenyewe. Mliangalia viatu vyenu. Mimi niliwaona, kwa sababu katibu ndiye pekee anayeketi akiwatazama ninyi nyote. Kisha nikainamia daftari nikaandika: "Wajumbe wote waliafiki."

Sikuamriwa kuandika hivyo. Niliandika kwa mazoea, kama ninavyoandika kila mara mnaponyamaza. Nimepekua jalada usiku na mchana tangu Jumanne. Msitu ulipogawiwa: wote waliafiki. Mashine ya kusaga ilipofungiwa nyumba moja: wote waliafiki. Ni kijiji gani hiki ambacho kwa miaka sita hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukataa jambo? Hakipo. Kipo kwenye daftari langu tu. Tumekuwa tukitawaliwa na kijiji cha kwenye daftari, na kijiji hicho kimemfukuza mtu ambaye hamkumfukuza.

Lakini msifurahi upesi. Uongo ulikuwa wangu. Ukimya ulikuwa wenu. Baada ya mkutano ule, kila mmoja wenu alirudi nyumbani akiamini kwamba jirani yake ndiye aliyeafiki, akamwogopa jirani huyo, akazima pikipiki, akaondoka kisimani. Mtu mmoja alituuliza kama tuna neno, nasi, watu mia mbili wenye ndimi, tukamkabidhi mwanamke wa miaka tisini na moja abebe kopo lake peke yake. Mnanung'unika kwa kuwa nimemsalimu Veneranda? Ninyi ni nani wa kunung'unika! Nilipaswa kumsalimu siku mia nne zilizopita, nanyi pamoja nami.

Mama Veneranda, sina la kukuomba. Msamaha una wakati wake, na leo ni siku ya mazishi.

Muhtasari wa tarehe 17 Juni naukanusha mbele yenu na kuutia saini ya ukanusho. Uamuzi haukufanyika, kwa hiyo hakuna aliyetengwa. Anayeona nimekosea, na anayetaka Mama Kabula asichimbiwe kaburi kijijini kwake, anyanyue mkono sasa. Sitaandika "wote". Nitaandika majina, moja moja. Nimeacha mstari mtupu kwenye karatasi hii kwa ajili hiyo, na nitasubiri kadiri mtakavyo.

Walionyanyua mikono: *Benjamini Shigela.*

Asante, Mtemi. Kwa mara ya kwanza jalada lina jina la mtu, na nakuheshimu kwa kulitoa. Ni jina moja.

Sasa sikilizeni, kwa kuwa kilichobaki ni kazi. Mwalimu Emilian yuko njia panda ya barabara ya Ntalikwa tangu saa tatu asubuhi. Nilimpigia mimi, kwa simu yangu na kwa jina langu. Ameketi hapo pamoja na Zamda, Adinani na vijana wao, na majembe wanayo. Nimewaomba watupe nafasi hadi saa saba. Zamda amenijibu kwamba saa yake inakwenda mbele. Tukichelewa, kaburi la mama wa kijiji hiki litachimbwa na watu wa mjini huku sisi tumeketi kwenye viti tulivyoviazima.

Mkutano huu unaamua hivi. Kaburi la Mama Kabula litachimbwa leo kando ya mumewe, na litachimbwa na Isangilwa. Majembe kumi na mawili yameegemezwa kwenye ukuta wa ofisi. Lenye mpini mpya ni langu. Kabla ya kuyashika, tutakwenda njia panda kwa miguu, sote, tumsalimu Mwalimu mmoja mmoja, na kila mmoja atamtajia jina lake, maana aliomba majina. Gari litatoka Kitete saa nane. Mama Veneranda atatangulia nasi tutafuata nyuma yake, na asiye na jembe atabeba maji.

Inukeni.

Dionis Kafuku,
Katibu, kidato cha tatu, 1998, alama kumi na tisa kati ya ishirini